Nyota Nilizofuta kwenye Orodha ya Nekesa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili. Chekeni kwanza, kisha tuendelee. Baba hawezi tena kuinama chini ya ng'ombe kule Kachibora, na ng'ombe hawangoji mtu amalize kazi ya ofisini. Kwa hiyo ninyi wawili mnaoanza Jumatatu mtakuta meza yangu, kiti changu chenye mguu uliofungwa waya, na karatasi hizi kwenye droo ya juu. Nimeziandika mara sita. Mara tano nilichana kwa sababu mwandiko ulipinda. Za mara hii nazo zimepinda, lakini nimejikataza kuzichana.

Kazi yenyewe mnaijua kwa jina: tunawasaidia wanafunzi wanaokwenda ng'ambo wachague kozi. Wengine wanakwenda kwa shahada nzima. Wengine, na hao ndio wagumu, wako tayari chuoni hapa Kenya na wamepata nafasi ya kusoma muhula mmoja kwenye chuo cha nje. Hao wanapewa orodha ndefu ya kozi. Wanachagua tano, chuo cha huku kinasaini kwamba kitazihesabu, chuo cha kule kinasaini kwamba kitawapokea, ila nafasi ndani ya kila kozi inathibitishwa mtoto akishafika. Kati ya saini hizo mbili ndipo tunapoishi sisi.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na gredi ambayo haikunifikisha popote, nikawa natoa fotokopi kwenye duka dogo hapa Kitale. Nilijifunza kwa kusoma vitu vya watu. Mtu analeta karatasi kumi, mimi nazisoma zikitoka kwenye mashine zikiwa bado moto. Mwalimu Barasa, ambaye alikuwa amestaafu ualimu wa sekondari na kufungua ofisi hii juu ya agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, alikuwa mteja wetu. Siku moja nilimwambia kwamba kozi mbili kwenye fomu ya mwanafunzi wake zinafundishwa saa ileile, siku ileile. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ratiba iko nyuma ya ukurasa.

"Nani alikuambia usome?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi kesho panda juu."

Nilipanda. Siku yote ile ya kwanza sikuomba hata kwenda msalani, kwa kuogopa kwamba nikitoka atagundua alikosea kunichukua. Woga huo sikuuacha siku ile. Niliufanyia kazi miaka kumi. Sijawahi kuingia darasa la chuo kikuu hata kwa bahati mbaya. Wanafunzi waliponiuliza nimesomea wapi, nilisema "Kitale," nikafungua ukurasa unaofuata. Habari ya vyeo niiruke, kwa sababu tulikuwa wawili na mmoja alikuwa Mwalimu.

Vifaa vya kazi ni vitatu. Cha kwanza ni rula. Unaiweka chini ya mstari unaosoma, maana kurasa za kozi zimeandikwa kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi na jicho linaruka. Cha pili ni daftari. Kila kozi unaiandika upya kwa Kiswahili, mstari mmoja, kwa maneno ambayo mtu anayepalilia anaweza kuyabeba mpaka nyumbani bila kuyaangusha. Madaftari yangu yako kumi na manne kwenye kabati, na Mwalimu aliyapenda kuliko kompyuta. Cha tatu ni kiti kile cha mbao chenye mto wa bluu kando ya dirisha. Msikikalie. Ni kiti cha mzazi.

Sheria ya kiti aliiweka Mwalimu kabla yangu. Faili halitumwi mpaka mama, baba, nyanya au yeyote anayemlea mtoto akae pale, asikie kozi zote zikisomwa kwa Kiswahili, kisha azirudie mwenyewe kwa mdomo wake na kueleza kila moja ni ya nini. Asipoweza, si kosa lake. Ni mtoto ambaye hajui anachokwenda kusoma, au ni sisi hatujui.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani sheria hii ni mbwembwe za mwalimu mstaafu aliyekosa darasa. Kisha akaja kijana wa Endebess, Kibet, na nyanya yake. Kibet alitaka kozi ya ndege. Faili lake nililipanga mwenyewe na lilikuwa zuri. Nyanya akakaa kwenye kiti, akasikiliza, akauliza kama mjukuu ataendesha ndege. Kibet akasema hapana. Atazitengeneza? Hapana. Nyanya akamgeukia Mwalimu.

"Sasa hii ndege ataifanya nini?"

Kibet akainama akasoma tena, safari hii polepole, akasema atasomea kupanga ratiba za safari na kusimamia ofisi.

"Ratiba gani? Hiyo ndege inapita juu ya shamba yangu saa nne kila siku, na haijawahi kungojea mtu wa Endebess aipange."

Kibet alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa machozi kweli. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka kufanya nini. Alikwenda kusomea udaktari wa mifugo, na mwezi uliopita ndiye aliyemtibu ng'ombe wa baba. Tangu siku ile ya nyanya yake nilikiheshimu kiti. Mwalimu alinifundisha pia kungoja mzazi anaponyamaza, nisimjazie maneno. Alikuwa akisema mimi najibu haraka kama mtu anayefukuzwa, na ilikuwa kweli.

Sasa nifike kwa Nekesa. Ndiyo sababu ya karatasi hizi, na hayo mengine yote nimeyaandika ili nichelewe kufika hapa.

Kila Alhamisi tulikuwa na chumba Bungoma, nyuma ya duka la picha, kwa ajili ya wanafunzi wa upande ule. Nekesa alikuja akiwa mwaka wa tatu wa kilimo kwenye chuo cha pale pale. Ni msichana wa Tongaren, mrefu, mwenye tabia ya kushika kitu mkononi akiongea, kalamu au kifuniko cha chupa, chochote. Alikuwa amepata muhula mmoja Uswidi. Alijua anachotaka kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwahudumia: mbegu. Alisema mama yake huchagua mbegu ya msimu ujao kwa kuiuma, na yeye anataka kujua mama anasikia nini kwenye meno.

Nilimpenda, nikataka faili lake liwe kamili. Nadhani nilitaka zaidi ya kamili. Mkuu wa idara yake alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba ofisi za juu ya agrovet zisijifanye vyuo, na nilitaka akiona karatasi yangu anyamaze.

Orodha ya kozi ilikuwa kurasa thelathini na nane. Nilichapisha zile za jedwali tu, nikasoma kwa rula, nikapata kozi tano: udongo wa nchi za baridi, hesabu za shamba, magonjwa ya mbegu, kupima ubora wa mbegu, na kuzalisha mbegu mpya. Kisha nikaketi kuziandika upya kwenye jedwali langu safi. Baadhi ya majina yalikuwa na vinyota vidogo mwishoni. Kila nilipokiacha kinyota, safu ilisogea na mistari haikulingana. Nikavifuta. Niliviona kama uchafu wa mashine, kama vile vidoa ambavyo fotokopi ya zamani huacha pembeni. Maelezo ya nyota yalikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho sikuuchapisha kwa sababu haukuwa na jedwali. Mimi niliyechukuliwa kazini kwa kusoma nyuma ya ukurasa.

Mkuu wa idara alisaini. Alisema hajawahi kuona fomu nadhifu kama ile. Maneno hayo nilitembea nayo wiki nzima.

Mama Nekesa alikuja Kitale, akakaa kwenye kiti chenye mto wa bluu na mkoba wake magotini. Alisikiliza kozi tano, akazirudia zote tano, akaeleza kila moja. Kwenye ile ya kupima ubora akasema, "Hiyo ndiyo ya meno," na Nekesa akafunika uso. Mwalimu alikuwa anatabasamu. Halafu mama akaniuliza mimi, si Mwalimu.

"Na hizi zote watampokea?"

Nilipitisha kidole juu ya karatasi yangu safi, kutoka juu mpaka chini.

"Zote, Mama."

Nekesa alisafiri. Siku ya tatu akanipigia simu mchana, nikiwa na mwanafunzi mwingine mezani. Aliongea taratibu kama mtu anayesoma kitu ukutani. Kozi tatu za mbegu zilikuwa na nyota. Nyota maana yake kozi haipokei wanafunzi wageni wa muhula mmoja. Alikuwa na kozi mbili tu, na asipofikisha tano ndani ya siku kumi, nafasi yake inafungwa na anarudi nyumbani.

"Dada Wambui, kwenye yako hazikuwa na nyota. Mimi nimeangalia mara mbili."

Nilimwambia nitampigia. Nikamwomba mwanafunzi aliyekuwa mezani arudi kesho. Mwalimu alikuwa kwenye meza yake akichonga penseli. Nilisimama mbele yake nikamwambia jinsi nilivyofuta, na kwa nini, mpaka habari ya safu kutolingana. Sikulia, ingawa nilitamani, kwa sababu mtu akilia wengine huanza kumbembeleza na kosa linapotea katikati. Mwalimu aliniomba ukurasa wa mwisho. Nilimchapishia, akausoma, akaukunja akautia mfuko wa shati.

"Keti," akasema. "Tuanze ukurasa wa kwanza. Na nyota zake."

Tulisoma kurasa thelathini na nane, yeye upande wake na mimi wangu, kisha tukabadilishana. Siku ya nne ya zile kumi tulikuwa na kozi tatu za kujaza: moja ya udongo wa misitu, moja ya maziwa, moja ya historia ya vyakula. Nilikwenda Bungoma nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu wa idara siku mbili. Siku ya pili aliniita ndani. Nilimwambia kosa ni langu, mwanafunzi hana kosa. Nilingoja aseme lile neno la agrovet. Hakulisema. Alikubali udongo wa misitu na maziwa. Historia ya vyakula aliikata kwa kalamu nyekundu, akasema hatoi shahada ya kilimo kwa mtu aliyesoma habari ya mikate.

Kozi nne. Siku zilizobaki zilikuwa tatu, na mimi sikuwa na ukurasa mwingine wa kusoma. Nilimpigia Nekesa nikamwambia hivyo. Hiyo ndiyo simu ngumu kuliko zote nilizopiga kazini, kumwambia mtoto wa mtu kwamba ujuzi wangu umekwisha. Akaniambia ameshakwenda kwa mwalimu wa kozi ya kupima mbegu kumwomba akae nyuma tu asikilize, na mwalimu amemwambia kwa upole kabisa kwamba nyota ni nyota. Lakini yuko kwenye korido ya jengo hilo sasa hivi, alisema, anasoma ubao wa matangazo, kwa sababu ndani kuna joto.

Siku ya tisa alituma picha. Karatasi imebandikwa kwa pini nne: kozi fupi ya kuhifadhi nafaka, imeongezwa dakika za mwisho, wageni wanakaribishwa. Haikuwa kwenye orodha ya kurasa thelathini na nane. Haikuwa kwenye daftari langu lolote. Aliipata kwa sababu aliona baridi. Mkuu wa idara alisaini jioni hiyo hiyo.

Kwa hiyo alibaki, na wengi wangeishia hapa. Lakini andikeni hili kwenye madaftari yenu. Kozi ya kupima ubora wa mbegu ilikuwa lazima kwa shahada yake, na kwa kuwa hakuisoma kule ilimbidi aisubiri huku. Alihitimu muhula mzima nyuma ya wenzake. Siku walipovaa majoho, yeye alikuwa kwenye umati akiwapiga picha. Nilimwona. Ile ni kazi ya mikono yangu.

Na kuna lingine. Siku aliyorudi kutoka Uswidi alipita ofisini, akaniletea kitambaa cha shingo cha sufu, akaniambia amemwambia mama yake kwamba chuo cha kule ndicho kilichobadilisha kozi.

"Usimwambie, dada. Mama anakuamini. Na Simiyu atakuja kwako akimaliza shule."

Simiyu ni mdogo wake. Nilikubali, nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya Simiyu. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa. Kwa miaka minne Mama Nekesa alituletea wazazi wengine kutoka Tongaren, mmoja mmoja, akiwaambia hapa ndipo wanaposema ukweli. Wakikaa kwenye kile kiti wakiniambia hivyo, niliangalia rula. Simiyu mwenyewe alikuja. Faili lake nililikagua mara tisa. Mama alikaa, akarudia kozi zake, akauliza kama zote watampokea. Nilisema ndiyo, na ilikuwa kweli, na sikuweza kumtazama.

Mwalimu alipoacha kazi mwaka juzi kwa ajili ya macho yake, aliniachia funguo na karatasi moja iliyokunjwa. Ulikuwa ule ukurasa wa mwisho. Alikaa nao mfukoni na nyumbani muda wote huo. Hakuandika neno juu yake.

Wiki iliyopita, nikiwa nimeshaaga kila mahali, nilikwenda Tongaren. Nilikuwa nimeandika nitakachosema, kisha karatasi nikaiacha nyumbani makusudi. Mama Nekesa alikuwa uani ameketi kwenye kigoda, ungo magotini, anachambua maharagwe. Alifurahi, akataka kuinuka apike chai. Nilimwomba akae. Nikamwambia kwamba kozi tatu zile hazikubadilishwa na chuo. Zilikuwa zimefungwa tangu mwanzo, alama ilikuwepo, na mimi niliifuta ili karatasi ipendeze. Nikamwambia kwamba aliponiuliza nilimjibu bila kujua. Muhula ule aliochelewa Nekesa ni wangu.

Aliendelea kuchambua. Nilingoja. Nilikuwa nimefundishwa kungoja.

"Udongo," akasema. "Hesabu ya shamba. Magonjwa ya mbegu. Kupima mbegu. Kuzaa mbegu mpya." Alihesabu kwa vidole vyenye vumbi la maharagwe. "Si ndiyo hizo?"

"Ndiyo hizo, Mama."

"Nekesa alinipigia kutoka huko akaniambia ati chuo imebadilisha. Nikamwuliza, chuo nzima inabadilika kwa sababu ya mtoto mmoja? Akanyamaza. Nikajua kuna mtu yeye anamficha, na huko hana mtu. Ni wewe tu."

Nikamwuliza kwa nini hakunikemea. Kwa nini aliendelea kuwaleta watu.

"Huyo mtoto mlimtafutia kozi siku kumi, aliniambia. Mtu mwongo angezima simu." Akarusha jiwe dogo nje ya ungo. "Nilijua utakuja. Hii miaka minne ndiyo sikujua. Wewe ni mzito, bana."

Nilicheka, na ndipo nikalia, na hakunibembeleza. Alinipa nusu ya maharagwe nichambue.

Tukichambua aliniambia kwamba kina mama wa kanisani kwao huombea watoto walioko masomoni kila Jumatano, na Nekesa aliposafiri aliwapa kozi tano kwa majina kama alivyofundishwa kwenye kiti. Kozi zilipobadilika wakaongeza zile mpya. Zile tatu hawakuziondoa. Wanaziombea mpaka leo.

"Lakini Nekesa hakuzisoma," nikasema.

"Si kuna watoto wa watu ndani ya hizo kozi?"

Akaniomba, kwa kuwa nimekuja na kalamu, nimwandikie majina ya zile tatu vizuri, kwa sababu kwenye kikundi kila mtu huyasoma kivyake. Nikayaandika yote matatu kwenye ukurasa wa daftari. Mistari ikapinda. Mwisho wa kila jina nikaweka nyota.

Aliinua karatasi karibu na uso.

"Na hii kanyota ni ya nini?"

"Inasema wageni hawaingii, Mama."

Aliitazama kidogo, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Haya. Basi tutaombea na mlango."